Pombe Yangu Imeingiwa na Uchafu: Nimwage au Nisimwage? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapika Pombe wa Nyumbani

Ukurasa huu ni wa wanaopika pombe nyumbani kwa kunywa wenyewe na wageni wao: ya mtama, ulezi, mahindi au ndizi, pamoja na wale wachache wanaopika bia ya shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu). Wapishi wengi hukosa usingizi kwa sababu ya nzi mmoja aliyetumbukia pipani, ilhali hawajawahi kuuliza mahindi yao yalihifadhiwa wapi. Ndiyo maana majibu mengine hapa chini ni mafupi na mengine marefu. Urefu umefuata ukubwa wa hatari.

Nimechovya kijiko ambacho sikukiosha kwenye pombe inayoumuka. Nimwage?

Hapana. Funika, endelea. Pombe iliyokwisha kuanza kuumuka ina ulinzi wake yenyewe. Chachu imeshajaa kila mahali na inakula sukari kabla mgeni hajaipata, hewa ya kaboni inaifukuza oksijeni, alkoholi inapanda na asidi nayo inapanda. Bia ya shayiri huishia kwenye pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya 4 hadi 4.5, na pombe zetu nyingi za nafaka, ambazo kwa asili zina uchachu, huenda chini ya 4. Katika hali hiyo vijidudu vinavyoleta magonjwa ya tumbo haviwezi kustawi. Kinachoweza kuharibika kwa kijiko kichafu ni ladha, tena si mara zote.

Jibu ni hilo hilo kwa aliyefungua kifuniko kuchungulia, aliyeonja kwa kata kisha akairudisha, na aliyepiga chafya karibu na ndoo.

Je, kuna wakati ambapo uchafu mdogo ni jambo kubwa?

Upo, na ni mfupi: tangu uji au maji ya kimea yapoe hadi chachu ianze kazi. Hapo una chakula kitamu, cha uvuguvugu, kisicho na alkoholi, kisicho na asidi ya kutosha, na hakina mwenyewe. Anayefika kwanza ndiye anayekimiliki. Kwa hiyo poza haraka, tia chachu mara joto linaposhuka chini ya nyuzi 30, na tia chachu ya kutosha. Kama baada ya siku nzima hakuna povu wala dalili yoyote ya kuumuka, ongeza chachu nyingine hai. Usikae ukingoja.

Wapo wanaochemsha maji ya kimea ya shayiri, wakayafunga moto moto kwenye dumu, kisha wakayaweka kando siku kadhaa hadi chachu ipatikane dukani. Sikubaliani na desturi hiyo kwenye joto la kwetu. Maji hayo huwa na pH ya 5 au zaidi, na dumu lililofungwa halina hewa. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha mwili, hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida, na bakteria huyo hutengeneza sumu yake pale ambapo hakuna hewa na pH imezidi 4.6. Kama chachu haipo, usianze kupika.

Kuna utando mweupe juu ya pombe. Ni ukungu?

Angalia vizuri mchana, kwenye mwanga wa jua. Utando mwembamba mweupe, mkavu kidogo, wenye mikunjo au vipovu vilivyonasa, mara nyingi ni chachu mwitu au bakteria waliopata hewa juu ya pombe. Hauui. Utabadilisha ladha, na kadiri pombe inavyokaa ndivyo ladha inavyozidi kubadilika, kwa hiyo chuja na uinywe mapema au uache kabisa kama harufu imekukataa. Duara la kahawia linaloganda kwenye kuta za ndoo ni mabaki tu ya povu na chachu.

Ukungu wenyewe una manyoya. Huja kwa madoa ya mviringo, ya kijani, ya bluu, meusi au ya waridi. Ukiuona, mwaga. Najua kuna wanaokwangua juu na kunywa chini, na wengi wao wako hai. Lakini sumu ya ukungu haibaki juu pamoja na manyoya. Huyeyuka na kushuka, na huwezi kuionja.

Imekuwa kali kama siki. Nimekosea wapi?

Imepata hewa. Bakteria wa siki huhitaji oksijeni ili kugeuza alkoholi kuwa asidi ya siki, na msafirishaji wao mkuu ni vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu. Jaza chombo hadi karibu na mdomo, kifunike kwa kitambaa kilichofumwa vizuri wakati wa povu kali, kisha kwa kifuniko kinachobana kilicho na njia ya hewa kutoka tu. Usihamishe pombe kwa kuimwaga kutoka juu ikirusha matone. Ipitishe kwenye mpira hadi chini ya chombo kipya.

Usichanganye ukali huu na uchachu laini wa pombe ya mtama au ulezi. Uchachu huo unatokana na bakteria wa asidi ya maziwa wanaoishi kwenye kimea chenyewe, ndio wale wale wa togwa na maziwa mgando. Hao ni wenyeji, na asidi yao ndiyo sehemu kubwa ya usalama wa pombe hiyo. Anayejaribu kuwaua ili pombe iwe “safi” anajiondolea mlinzi.

Ameingia nzi. Ameingia mende. Ameingia mjusi. Ameingia panya.

Nzi mmoja au wawili: watoe, endelea. Mende: kama pombe inaumuka vizuri haitamdhuru mtu, ingawa sitamlaumu atakayeimwaga. Mjusi au panya: mwaga yote, osha chombo kwa maji moto na sabuni, tia dawa, anza upya. Panya hubeba vijidudu kwenye mkojo wake, na mzoga unaooza haufanani kabisa na kijiko kichafu. Hata ikiwa ni lita mia za harusi, mwaga.

Kipimajoto cha zebaki kikivunjikia ndani, au chupa ikipasukia ndani, mwaga pia. Usijaribu kuchuja.

Basi ni uchafu gani hasa unaoua?

Hili ndilo swali ningependa liulizwe kwanza. Uchafu unaoua mara nyingi huingia kabla sufuria haijawekwa jikoni. Uko kwenye gunia.

Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya unga wa mahindi msibani. Walikufa watu 75, na wengine zaidi ya mia waliugua. Mama aliyeipika naye alikufa. Kwa muda ilisemekana mtu alitia nyongo ya mamba, na maneno kama hayo msibani ni moto mwingine. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kitu kingine kabisa: asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye *Burkholderia gladioli* anapostawi kwenye mahindi au nazi iliyoharibika. Sumu hiyo haina harufu ya kukuonya, na moto wa jikoni hauiui. Oktoba 2020 sumu hiyo hiyo iliua watu 9 wa ukoo mmoja huko Heilongjiang, China, waliokula tambi za mahindi yaliyochachushwa nyumbani.

Ya pili ni aflatoksini, sumu ya ukungu wa *Aspergillus* unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zenye unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufa 125 baada ya kula mahindi waliyoyahifadhi nyumbani yakiwa mabichi. Dozi ndogo ndogo haziui papo hapo. Huliumiza ini taratibu na kuleta saratani. Anayekunywa pombe kila jioni tayari ini lake lina kazi, kwa hiyo mpishi wa pombe ana sababu zaidi ya kuwa mkali kuliko mpishi wa ugali.

Kinachonisikitisha ni desturi ya kutenga mahindi yaliyooza pembeni na kusema “haya tutapikia pombe”. Nafaka isiyofaa kuliwa haifai kunywewa. Kuumuka hakuisafishi.

Lakini nikichemsha kwa saa nyingi?

Utaua bakteria na ukungu. Sumu waliyokwisha kuiacha itabaki: aflatoksini na asidi ya bongkreki zote mbili huvumilia moto wa sufuria, na kukaanga juu ya bati kama inavyofanywa kwa busaa, pombe ya mahindi ya Kenya, hakutoi hakikisho.

Nitajuaje kama nafaka na kimea changu ni salama?

Nunua au vuna nafaka iliyokauka vizuri. Kwa mahindi, kipimo cha kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wasio na mashine hutumia chumvi: tia kavu kwenye chupa kavu pamoja na nafaka, tikisa, subiri dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuloweka, chambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, maana huko ndiko sumu nyingi ilipo. Hii ni kazi ya kuchosha, na hakuna kitu kingine jikoni kwako kinacholipa zaidi.

Unga uliolowa mvua au mafuriko usiupikie chochote. Donge la unga wa mahindi linalolowekwa kwa siku kadhaa lisizidishwe muda likisahaulika, na likibadilika rangi au kutoa harufu ya kigeni, litupwe shimoni mahali ambapo kuku na watoto hawafiki.

Kimea kina hatari yake, kwa kuwa nafaka safi inaweza kupata ukungu katika siku zile za kuchipua, kwenye joto na unyevu. Osha nafaka hadi maji yatoke meupe, badilisha maji ya kuloweka, tandaza tabaka jembamba, geuza asubuhi na jioni, kisha anika haraka juani juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kimea kizuri kinanukia utamu na majani mabichi. Kikinuka kama nguo iliyokaa na maji, usikihurumie.

Kwa mtama peke yake kuna jambo moja zaidi: vichipukizi na vimizizi vyake vina kemikali inayotoa sianidi. Baada ya kukauka, sugua kimea mikononi, pepeta, uondoe vyote kabla ya kusaga. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusoma kemia.

Nitumie chombo gani?

Mtungi wa udongo, kibuyu, chuma cha pua, kioo, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Plastiki iliyokwaruzika ndani haifai kwa sababu vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo ambako brashi haifiki. Ndoo ya namna hiyo ihamishie kwenye kazi ya kubeba maji. Usisugue ndoo kwa steelwool.

Pipa lililowahi kubeba dawa za shamba, mafuta ya mashine au kemikali za kiwandani halitakasiki, hata ukilichoma moto. Ndoo za bati zilizopakwa zinki nazo ziachwe: asidi ya pombe huyeyusha zinki, na wanywaji hutapika jioni hiyo hiyo. Mapipa ya chuma cha kawaida yana ubaya wa polepole. Kusini mwa Afrika, kwenye nchi kama Afrika Kusini na Zimbabwe, madaktari wameeleza tangu miaka ya 1920 ugonjwa wa madini ya chuma kujaa kwenye ini kwa watu wanaokunywa kwa miaka pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwenye vyombo vya chuma. Sufuria ya aluminiamu yatosha kuchemshia, ila usiache pombe iumukie humo.

Nioshe kwa dawa gani?

Kwanza sabuni na maji, mpaka utelezi wote uishe. Dawa haipiti kwenye uchafu. Kisha maji ya moto sana kwa vyombo vinavyovumilia, au jiki isiyo na manukato: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, loweka dakika 15 hivi, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye jiki na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jikoni dogo lisilo na dirisha si mahali pa kukutana nayo.

Pombe inanuka kama plasta au dawa ya hospitali.

Mara nyingi ni klorini: umesuuza kidogo mno, au umetumia maji ya bomba yenye dawa nyingi. Chemsha maji, au yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, kabla ya kupikia. Chachu mwitu nazo huweza kuleta harufu hiyo. Haidhuru, lakini haitapotea kwa kungoja.

Pombe imekuwa nzito, naweza kuongeza maji wakati wa kunywa?

Ongeza yaliyochemshwa tu. Mahali hapa nimeona uzembe mwingi kuliko popote: mtu analinda pipa siku nne, halafu siku ya tano anaongeza ndoo ya maji ya kisima ili litoshe wageni. Asidi na alkoholi zinapungua kwa pamoja, na vijidudu vya kisima vinaingia dakika chache kabla ya kunywewa, bila muda wa kudhibitiwa. Wapo vijidudu vya kuhara vinavyovumilia asidi kwa siku kadhaa hata kama havizaliani. Msimu wa kipindupindu usithubutu. Osha pia kata, vikombe na mirija, na anayegawa aoshe mikono.

Nimesikia pombe ya nyumbani hupofusha. Ni kweli?

Upofu huletwa na methanoli. Kuumuka kwa nafaka hutoa methanoli kidogo sana, na matunda kama ndizi huzidisha kidogo kuliko nafaka, lakini si kwa kiasi cha kumpofusha mnywaji wa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro. Misiba mikubwa, kama ule wa Nairobi wa Novemba 2000 ulioua zaidi ya watu 100, ilitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa kwenye pombe ili iwe kali. Huko si kuingiwa na uchafu kwa bahati mbaya. Ni mtu aliyeutia kwa mkono wake. Usiongeze chochote kwenye pombe ili “ishike”: si spiriti, si betri, si mbolea, si vidonge. Na kama hulijui kwa macho yako mwenyewe gome la msesewa, mti ambao gome lake hutiwa kwenye mbege kuipa uchungu, usinunue gome la mti wowote uliouzwa kwa jina hilo.

Naweza kutumia masimbi (mashapo ya chini) ya pombe iliyopita kama chachu?

Naam, ndivyo pombe ilivyopikwa duniani kote kwa maelfu ya miaka. Chukua kutoka pombe uliyoipenda, si ile iliyokutia shaka, na uitumie ndani ya siku chache. Ladha ikianza kuyumba, anza na chachu mpya. Hata viwandani walihangaika na jambo hili: bia ya Carlsberg huko Copenhagen iliharibika hadi Emil Christian Hansen alipofaulu, mwaka 1883, kukuza chachu iliyotokana na seli moja tu na kuwatenga wavamizi. Wakati huo huo Wabelgiji wa bonde la mto Senne wameendelea kuacha bia yao ya lambic ipoe wazi usiku ili chachu mwitu ziingie, na watu hulipa bei kubwa kuinywa. Mvamizi wa mmoja ni fundi wa mwingine, mradi nafaka ni nzima.

Chupa zangu zinalipuka. Ni uchafu?

Yawezekana. Chachu mwitu na baadhi ya bakteria hula sukari ambazo chachu yako imeziacha, na hewa inazidi ndani ya chupa. Sababu ya kawaida zaidi ni kufunga mapema. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Kipimo kikibaki pale pale kwa siku tatu, funga, na sukari ya kutilia hewa isizidi gramu 6 au 7 kwa lita. Chupa zinazolia, ziweke ndani ya sanduku, zipoze, na uzifungue ukiwa umefunika mkono na uso. Pombe ya nafaka ambayo bado hai isifungwe kabisa kwenye kioo.

Mtu amekunywa na sasa anaumwa. Nifanye nini?

Kutapika na kuhara kidogo hutulizwa kwa maji yenye chumvi na sukari. Lakini macho yakiona ukungu, mtu akipumua kwa kasi, tumbo likiuma sana, manjano yakitokea, au watu wawili watatu wakiugua pamoja, nendeni hospitali mara moja bila kusubiri pombe ishuke. Dalili za methanoli zinaweza kuchelewa hadi siku nzima. Chukua pombe iliyobaki kwenye chupa safi, pamoja na unga na kimea kilichobaki, umpelekee daktari. Sema ukweli wote. Hakuna atakayetibiwa vizuri kwa kuficha pipa.

Zuia wengine wasinywe, ila usimwage yote kabla sampuli haijachukuliwa.

Machicha niwape ng’ombe?

Ya nafaka safi, wape yakiwa mabichi, siku hiyo hiyo. Machicha ya nafaka iliyokuwa na ukungu usimpe mnyama yeyote: ng’ombe anayekula aflatoksini huitoa kwenye maziwa ikiwa katika umbo jingine, na maziwa hayo wanakunywa watoto. Yazike.